Mtu wa Katikati

Kwa muda wa miezi minne hivi, mimi mwenyewe nilikuwa kosa la barabarani. Sikuendesha chombo, sikugonga mtu, sikupita mahali palipokatazwa. Nilikaa tu. Nilikaa kwenye pikipiki kati ya mume wangu na mama yangu mzazi, na kwa hesabu ya yule bwana wa kizuizi cha barabarani, pikipiki ile ilikuwa na mtu mmoja zaidi ya sheria inavyotaka. Huyo mtu wa zaidi alikuwa mimi.

Ninaeleza tangu mwanzo kwa sababu habari hii imezunguka vilima vyote vya Nyamitaba, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Wengine wanasema nilimpiga yule bwana kofi. Sikumpiga. Nilitamani sana, lakini sikumpiga.

Mama alijikata mguu wa kulia kwa jembe akipalilia viazi. Kidonda kilikuwa kidogo, pale karibu na vidole, naye alikifunga kitambaa akaendelea na kazi kama alivyofanya maisha yake yote. Mwezi ukaisha hakijafunga. Wa pili ukaisha, kikaanza kunuka. Hospitalini, upande wa Kashuga, wakampima damu na kukuta ana ugonjwa wa sukari. Daktari alikuwa kijana asiyejua kuzungukazunguka. Alisema kidonda kitaoshwa na kufungwa upya kila Jumanne na kila Ijumaa, asubuhi, bila kukosa. "Akikosa, tutakata," alisema, na akaonyesha kwa kiganja chake: kwanza penye vidole, kisha kwenye kifundo, kisha chini ya goti. Mama alikifuata kile kiganja kwa macho mpaka mwisho.

Kutoka kwetu mpaka hospitali ni mwendo wa saa tatu kwa mtu mwenye miguu mizima. Kwa pikipiki, barabara ikiwa kavu, ni chini ya saa moja. Pikipiki tulikuwa nayo. Mume wangu aliipata kwa jasho la Mubi, alikokaa miaka mitatu akibeba watu na mizigo kwenye barabara ya msituni. Huko, alivyokuwa akituambia, watu walipanda watatu, walipanda wanne na mbuzi juu, na kama kuna aliyeulizwa kitu, aliulizwa bei ya mbuzi.

Kilichotutatiza sisi ni ukwe. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja. Mama akija nyumbani, mume wangu hutoka kwa mlango wa nyuma, akavaa shati safi, akazunguka nyumba na kuingia upya kwa mlango wa mbele, kisha akakaa mbali. Hata maneno yao yalipitia kwangu. Mama alisema, "Umuambie bwana yako, mvua inakuja," naye bwana yangu, aliyekaa hatua nne kutoka pale na masikio yake mawili mazima, alisubiri mpaka nimwambie. Mkiniuliza kama huo ni ujinga, nitawajibu kwamba kwa miaka kumi na tisa ya ndoa yangu hawa wawili hawajawahi kukoseana hata neno moja. Ni familia ngapi za kushikana mikono zinazoweza kusema hivyo?

Kwa hiyo mama hangeweza kukaa nyuma ya mume wangu na kumshika kiuno, kifua chake kwenye mgongo wa mkwe wake, kilima kizima kikitazama. Na hata ukiuweka ukwe kando, sukari ilikuwa inampa kizunguzungu, na mtu wa kizunguzungu anataka mtu wake wa kushikilia. Tulipanda hivi: mume wangu mbele, mimi katikati, mama nyuma amenikumbatia, mguu wake mbovu umelazwa juu ya kibao ambacho mume wangu alikifunga ubavuni mwa pikipiki. Kilikuwa kibao kizuri. Alikipiga randa mwenyewe siku nzima, akakizungushia sponji na kitambaa, kisha akaniambia nimwambie mama kwamba kiko tayari.

Barabara yetu inashuka kilima kwa mikunjo, na chini kabisa, kabla ya daraja la mbao, kuna kizuizi: gogo refu la mkaratusi lililolazwa juu ya mapipa mawili. Waliokuwa wakiitawala barabara walibadilika mara mbili mwaka ule. Kila waliokuja walibadilisha mambo yote, wakaliacha gogo. Wakamwacha na yule bwana. Askari wa barabarani wote sisi tunawaita rulaje, na huyu aliletwa zamani kutoka mbali, Kiswahili chake kikiwa na Kilingala ndani. Alikuwa mtu mnene kiasi, mwenye kizibao cha njano kilichofuliwa mpaka kikakaribia kuwa cheupe, na penseli nyuma ya sikio. Sikuwahi kumwona akiandika kwa penseli ile. Alihesabia.

Jumanne ya kwanza aliichomoa na kutuelekezea mmoja mmoja.

"Moya. Mbili. Tatu." Akairudisha sikioni. "Tatu iko mingi. Moto ni ya batu babili." Pikipiki kwetu tunaiita moto.

"Papa, tunapeleka mugonjwa," mume wangu alisema.

"Mugonjwa ni nani?"

"Ule wa nyuma."

"Basi ule wa katikati ashuke, mugonjwa asogee mbele."

Mama aliniuliza sikioni kama amesikia vizuri. Kisha akamjibu mwenyewe. "Nisogee wapi, papa? Ule wa mbele iko mukwe wangu."

"Kwani mukwe anauma?"

Waliokuwa wakingoja gogo liinuliwe walicheka. Mama hakucheka. Alikuwa mwanamke aliyezika mume na kulea watoto saba kwa jembe, na sasa aliulizwa mbele ya watu kwa nini hataki kumkumbatia mume wa binti yake. Nilihisi mikono yake ikilibana tumbo langu. Mume wangu, ambaye hapendi fujo, aliingiza mkono mfukoni akalipa faini. Hatukupewa karatasi yoyote. Gogo likainuka, tukapita.

Sina budi kusema hapa kwamba mimi si mtu mpole. Mume wangu alipewa upole wa watu wawili, na nadhani wa pili ulikuwa wangu. Siku ile nilikasirika mpaka chakula kikanishinda, na Ijumaa, yule bwana alipotaka faini tena, nilimtangulia mume wangu kujibu.

"Tutalipa, papa. Lakini utupatie karatasi yenye muhuri."

"Karatasi iliisha."

"Basi na amande iliisha," nilisema, maana hivyo ndivyo tunavyoita faini.

Aliirudisha penseli sikioni. Akaenda kukaa kwenye kiti chake cha plastiki, akaliacha gogo mahali pake. Tukangoja. Malori yakaja yakapita, mbuzi wakapita, wamama wa maziwa wakapita pembeni na mabidoni yao kichwani wakituuliza kuna nini. Baada ya saa nzima akachoka, akatupungia mkono twende. Mimi nilijiona nimeshinda, na nilimwambia mume wangu hivyo mpaka tulipofika hospitali.

Tukaanza kuishi hivyo. Jumanne na Ijumaa: yeye anahesabu, mimi naomba karatasi, yeye anakaa. Siku nyingine nusu saa, siku nyingine saa mbili. Chumba cha vidonda hospitalini kilifungwa saa sita mchana. Yule bwana alilijua hilo, kwa maana nilimwambia mwenyewe, nikifikiri kwamba akijua ataona haya.

Tulijaribu kila njia. Mara tulishuka wote kabla ya kona ya mwisho tukatembea, mama akiniegemea, mume wangu akisukuma pikipiki tupu. Lakini nimekwisha kusema barabara inashuka kwa mikunjo. Kutoka kwenye kiti chake cha plastiki aliona kilima chote, na hesabu yake ilianza tukiwa bado juu. "Nimeona batatu kwa kona ya pili," alisema, na alisema kweli. Mara nyingine tuliweka mfuko wa viazi mahali pangu, mimi nikafuata kwa miguu. Mama alikubali kwa shida. Alisema mfuko hauna heshima lakini angalau una unene. Yule bwana akauzunguka ule mfuko, akaubonyeza, akasema mzigo haukai kati ya dereva na mtu. Nilipowafikia nikihema, nilimuuliza kama viazi navyo viko kwenye hesabu ya watu. Akasema nisimfundishe kazi.

Watu waliniuliza, na wengine bado wananiuliza, kwa nini hatukulipa tu kama wenzetu tukapita. Mume wangu naye aliniuliza, kwa upole wake, tukiwa tunang'oa maharage. "Mama watoto, ule mutu hautamuweza. Tumupatie, muguu ipone." Nilimjibu kwamba tukilipa bila karatasi tumekubali kuwa mama ni kosa, na kwamba kesho atatuomba zaidi, na kesho kutwa ataomba kila anayepeleka mgonjwa kutoka Nyamitaba. Nilisema maneno mengi. Yalikuwa maneno mazuri. Bado naamini yalikuwa ya kweli, na bado yananiuma, kwa sababu mguu haukuwa wangu.

Ijumaa moja ya mvua yule bwana hakwenda kwenye kiti. Alinyoosha mkono, akachomoa ufunguo wa pikipiki na kuutia mfukoni. "Leo mutalipa, ao moto italala hapa," alisema. Nikaanza wimbo wangu wa karatasi. Naye akaanza wake. Mume wangu alikuwa amesimama kati yetu, mvua inamchuruzika usoni, akisema papa, mama, papa, mama, na hakuna aliyemsikia.

Mama alishuka nikiwa bado nabishana. Hakumuaga mtu. Alichukua fimbo yake, akapita kando ya gogo, akaanza kwenda. Nilipogeuka alikuwa ameshafika darajani.

"Mama, ngoja," nilimwita.

Alijibu bila kugeuka. "Miye siwezi shika mukwe wangu. Na siwezi ngoja batu babili bapigane juu ya muguu yangu. Nitatembea."

Nilimkimbilia. Tulitembea kwenye tope zaidi ya saa mbili. Bandeji ililowa, ikafunguka, ikawa inaburuta nyuma yake, na kila nilipoinama kuifunga alinisukuma mkono na kuendelea. Nilitaka kumbeba akakataa. Nadhani hasira yake siku ile ilikuwa yangu mimi kuliko ya rulaje, na alikuwa na haki. Tulipofika, chumba cha vidonda kilikuwa kimefungwa. Muuguzi aliyekuwa anaondoka alitufungulia kwa huruma, akauangalia mguu, akaenda kumwita daktari bila kuvua koti lake. Wiki iliyofuata walikata vidole viwili, gumba na kinachofuata.

Baada ya kukata, daktari alituonyesha tena kwa kiganja. Safari hii hakuanzia penye vidole. Alianzia kwenye kifundo. Jumanne na Ijumaa, alisema, na sasa kuliko zamani.

Mume wangu alikwenda peke yake kuikomboa pikipiki, akairudisha nyumbani, akaifunika turubai. Sikumuuliza alilipa nini na yeye hakusema. Wanaume wa kilima walikuja na kipoyi bila kuitwa. Kwetu kila nyumba inatoa bega lake kwa zamu, na tangu nilipokuwa mtoto nimeona kipoyi kikipita na wajawazito, wazee, waliovunjika. Ni machela tu ya miti miwili na kamba, na watu wanane wanaopokezana. Mume wangu alishika mti wa mbele kila mara, ili mgongo wake uwe kwa mama mkwe wake na macho yake yawe barabarani.

Tulipofika kizuizini, yule bwana alisimama na penseli yake mkononi. Aliwatazama wanaume wanane, akamtazama mama aliyelala katikati amejifunika kitenge mpaka kidevuni. Akaiinua penseli, akaishusha. Kipoyi hakina taa wala namba wala ufunguo wa kuchomoa. Aliliinua gogo akiangalia pembeni, na wanaume wakapita bila kumsalimia.

Lakini ilikuwa msimu wa kupanda. Wanaume wanane, siku mbili kila wiki, na mvua ikinyesha juu ya mashamba yao ambayo hayajaguswa. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Jumanne ya tatu nilikuwa nikitembea nyuma ya kipoyi, nikiyaangalia yale mabega, ndipo kwa mara ya kwanza nikaifanya ile hesabu mwenyewe. Sheria inataka wawili. Mama lazima awepo. Anayemshika mama lazima awepo. Miezi yote ile nilikuwa nimekubali kwamba mtu wa zaidi ni mimi. Aliyezidi alikuwa dereva.

Nilimwambia mume wangu shambani. Aliweka jembe chini, akakaa juu ya mpini wake.

"Mwanamuke wa Nyamitaba juu ya moto?"

"Mwanamuke wa Nyamitaba iko juu ya moto tangu miezi mine," nilisema. "Sasa atakaa mbele."

Alikwangua tope kwenye jembe kwa kidole. Kisha akasema tairi la nyuma limeisha, inabidi alibadilishe kwanza. Mume wangu ni mtu wa namna hiyo, na kwa ajili hiyo nimekaa naye.

Mahali tambarare kwetu ni kwenye malisho ya jirani zetu wafugaji tu, juu ya mashamba yetu. Mama wa nyumba ile, anayeuza maziwa, alinikubalia kwa sharti moja: nimalize kabla ya saa ya kukamua, kwa sababu ng'ombe akishtuka anazuia maziwa. Nilivaa suruali ya mume wangu, nikafunga kitenge juu yake. Yeye alikimbia kando yangu akisema achilia polepole, achilia polepole, na mimi nikaachilia haraka, nikaenda na pikipiki mpaka kwenye uzio. Nilianguka mara nyingi mpaka ng'ombe wakaacha kushtuka, wakawa wananitazama huku wanatafuna. Yule mama wa maziwa alikuja na kigoda chake, akakaa kutazama, na baada ya siku kadhaa alikuja na dada zake. Nilichubuka viwiko vyote viwili. Mwisho wa wiki ya pili nilizunguka malisho yote bila kugusa chini, na mume wangu aliacha kukimbia.

Kanisani mkubwa wa wamama alinivuta pembeni, akaniuliza kwa huruma kama sasa nimekuwa mwanaume. Nilimjibu kwamba hapana, nimekuwa dereva. Aliniambia ataniombea. Nilimshukuru, na nikamwomba aombee breki pia.

Nilijua yule bwana akikosa hesabu atatafuta kosa lingine, na nilikata shauri kwamba hatalipata. Nilikwenda mjini, nikakaa kwa shangazi yangu majuma mawili, kipoyi kikiendelea kumbeba mama, nikaingia darasa la madereva. Nilikuwa mwanamke peke yangu, na mtu mzima peke yangu. Tulipewa kitabu cha sheria za barabara, na kwa haki ya Mungu kile kitabu nilikipenda. Kila kitu kilikuwa na sababu: taa, vioo, kofia, mkono wa kuonyesha unapokata kona. Na ile ya watu wawili nayo ilikuwemo, na ina sababu yake. Nimewaona kwa macho yangu vijana watatu wakiruka na pikipiki kwenye kona ya kwetu, na mmoja wao anatembea kwa mkongojo hadi leo. Sijawahi kuwa na ugomvi na sheria. Ugomvi wangu ni na mtu anayeishika sheria kama bakuli la kuombea. Ndani ya kitabu kile nilijifunza na jambo jingine, kwamba dereva anapaswa kuwa na permi, yaani leseni. Mume wangu hana permi. Hajawahi kuwa nayo. Miezi yote ile yule bwana hakumwomba hata siku moja, kwa sababu alikuwa amekazana kuhesabu vichwa.

Nilirudi na permi yangu ndani ya plastiki, imebandikwa picha ambayo nimekunja uso.

Jumanne iliyofuata niliwasha pikipiki mbele ya nyumba. Kofia kichwani, kofia nyingine kwa mama. Vioo viwili, namba imefutwa tope, taa inawaka mchana kweupe. Mama alipanda nyuma yangu, akaulaza mguu kwenye kibao, akanikumbatia palepale alipozoea kunikumbatia. "Umuambie bwana yako," alisema, kisha akakumbuka kwamba hayupo. Mume wangu alikuwa ameondoka mapema kwa miguu, katika shati lake safi, ili awe darajani kabla yetu.

Nilishuka ile mikunjo taratibu. Nilijua anatuhesabu tangu kona ya kwanza, na nilitaka ahesabu. Kwenye kona ya tatu mama aliniambia nipunguze, nikapunguza, na sikulazimika kumwambia mtu mwingine.

Yule bwana alikuwa amesimama mbele ya gogo na penseli yake. Watu wa soko walikuwa wengi pande zote mbili, maana habari ilitutangulia.

"Moya," alisema. "Mbili." Penseli ikabaki hewani ikitafuta, kisha ikarudi sikioni. "Bwana yako iko wapi?"

"Ule kule. Anatembea."

"Permi."

Nilimpa. Akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akaitazama picha, akanitazama mimi, nami nikamkunjia uso ili afananishe. Aliomba karatasi za pikipiki, nikampa. Akaangalia taa ya mbele, akazunguka akaangalia ya nyuma. Akavigusa vioo. Akaniambia nipige honi. Nilipiga, na niliipiga muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Watu walicheka, na siku ile walicheka upande wetu.

"Muzuri," alisema. "Pita." Akaushika mwisho wa gogo.

"Ngoja kwanza, papa," mama alisema.

Pikipiki ilikuwa imesimama sambamba na gogo, naye alikuwa amekwisha kuutoa mguu wake kwenye kibao. Alikuwa ameivua ile soksi nene ya hospitali, na polepole, kwa mikono miwili, akauinua mguu na kuulaza juu ya gogo la mkaratusi, mbele ya watu wote. Mama yangu, ambaye hakutaka mkwe wake auone hata uso wake akiwa amelala.

"Weye unajua kuhesabu," alisema. "Hesabu na hii."

"Mama, pita tu."

"Hesabu."

Nilizima injini. Pale darajani mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama maji. Hakuna aliyecheka tena. Yule bwana aliwatazama watu, akanitazama mimi, na mimi sikumsaidia. Akaitoa penseli sikioni, akaitazama, akaitia mfukoni. Akainama na kuhesabu kwa kidole chake, bila kugusa.

"Moya," alisema. "Mbili." Kidole kikasogea. "Tatu."

"Iko mingi?" mama aliuliza.

Alinyoosha mgongo, akalitazama gogo. Mama alingoja jibu muda wa kutosha, kisha akavaa soksi yake na kuurudisha mguu kwenye kibao. Yule bwana akaliinua gogo kwa mikono miwili na kulishika juu, tukapita sisi, na akaendelea kulishika mpaka mume wangu alipoanza kutufuata kwa miguu upande wa pili. Tulifika hospitali kabla ya saa tatu, na chumba cha vidonda kilikuwa wazi. Vile vidole vitatu mama anavyo mpaka leo.